Maji yasigande: jamaa zinazokaa ndani ya karavani wakati wa baridi kali



Sisi wa Likasi, Kolwezi, Kambove na Lubumbashi tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Asubuhi mapema watoto wanaenda masomo wakikunja mikono, wamama wanawasha mbabula mbele jua halijatoka, na maji ya bidoni yanauma vidole. Lakini hata asubuhi ya namna ile, maji yanabaki maji. Unafungua robine, yanatoka (kama siku ile yapo).

Sasa ufikiri pahali pengine. Inje baridi imeshuka mpaka digri 30 chini ya zero. Jamaa haikulala katika nyumba ya matofali, ililala ndani ya nyumba nyepesi ya magurudumu, ile inayovutwa nyuma ya motokari. Mama anaamuka kupika uji wa mtoto, anafungua robine: hakuna kitu. Tangi imejaa, pompi inalia, lakini hata tone moja halitoki. Maji yapo, yote, chini ya miguu yake. Yamekuwa jiwe.

Nyumba ile ni karavani. Watu wengi wa Marekani na Kanada wanaitumia miezi ya joto tu, kwa kutembea na watoto wakati wa likizo. Walioitengeneza waliwaza siku za jua: kuta zake ni nyembamba, sakafu yake iko juu ya upepo. Lakini wako watu wanaokaa ndani yake mwaka mzima, na wengi wao ni kwa sababu ya kazi. Na kazi yenyewe ni ndugu ya kazi yetu: kutafuta mali chini ya ardhi.

Mji wa petroli

Katika jimbo la North Dakota, kaskazini ya Marekani, karibu na mpaka wa Kanada, kuna mji unaoitwa Williston. Mwaka 2010 ulikuwa na watu 14 716. Makampuni yalikuwa yameanza kutosha petroli nyingi ndani ya mwamba unaoitwa Bakken. Walitoboa chini mbali sana, kiisha waligeuza shimo kwenda kando, na kupasua mwamba kwa maji na mchanga unaosukumwa kwa nguvu. Mwaka 2014 jimbo lile lilipita mapipa milioni moja ya petroli kwa siku.

Wewe wa mugodi unajua kinachofuata. Watu walikuja kutoka pande zote za inchi, wababa walioacha jamaa zao mbali na wengine waliokuja pamoja na bibi na watoto. Kazi ilikuwako, nyumba hapana. Kupanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala kulipita dolari 2000 kwa mwezi. Basi watu walilala ndani ya motokari, walilala katika kambi za wafanyakazi, na wengi walileta karavani wakaziweka kila mahali, ndani ya lupango za watu, hata kwenye uwanja wa duka kubwa. Kanisa moja la Kilutheri la mji ule lilifungua milango ili watu walale ndani ya jengo na katika motokari zao uwanjani. Habari ile ilionyeshwa katika filamu ya mwaka 2014, The Overnighters. Kutoka katikati ya mwaka ule bei ya petroli ilianguka na wengi walirudi kwao. Lakini mji haukurudi kuwa mdogo: mwaka 2020 walihesabu watu 29 160.

Labda una ndugu huko Fargo, mji mwingine wa jimbo lile lile, mbali upande wa mashariki. Wakongo wengi wanaosema Kiswahili walipokelewa huko. Uwaulize juu ya mwezi wa kwanza. Watakuambia kwamba usiku wa kawaida unashuka digri 15 chini ya zero na zaidi, na kwamba 30 chini ya zero si hadisi.

Sababu gani maji yanapasua tiyo

Kijana mmoja atauliza: « Pasta, maji inaweza kupasua chuma namna gani? » Aliyekwisha kuweka chupa ya maji iliyojaa na kufungwa ndani ya kongelatere anajua jibu. Karibu kila kitu kinapopoa kinajikunja. Maji nayo yanajikunja mpaka digri 4, kiisha yanaanza kufanya kinyume, na yanapoganda yanapanuka karibu 9 kwa mia. Lita 10 za maji zinatoa karibu lita 11 za barafu. Ile lita ya ziada inatafuta pahali pa kukaa, na ndani ya tiyo iliyofungwa hakuna.

Lakini uangalie vizuri, kwa sababu hapa watu wengi wanakosea. Mara nyingi tiyo haipasuki pale barafu ilipoanza. Mwaka 1996 watafiti wa chuo kikuu cha Illinois walichunguza jambo hili. Barafu inafanyika kwanza kama kizibo katikati ya tiyo. Kizibo kinakua na kusukuma maji yaliyobaki kati yake na robine iliyofungwa. Maji hayo hayana njia ya kutoka, nguvu inapanda, inapanda, na tiyo inapasuka upande ule, pengine mahali ambapo hakuna barafu hata kidogo. Ndiyo maana mafundi wanasema kwamba usiku wa baridi kali robine iachwe wazi kidogo. Maji yakiwa na pa kutokea, nguvu ile haipati nafasi ya kupanda.

Tiyo nyingi za karavani za siku hizi ni za plastiki inayonyumbuka. Hizo zinaweza kuvimba na kurudia hali yake. Shida iko kwenye viungo, robine, pompi, chujio na boila, kwa sababu hivyo ni vya plastiki kavu ao vya chuma. Boila ya karavani inabeba karibu lita 23. Ikiganda ikiwa imejaa, inapasuka, na inaomba kununua nyingine.

Ukae na joto ao utoe maji

Anayekaa ndani ya karavani wakati wa baridi ana njia mbili. Anaweza kulinda joto kwenye njia yote ya maji, kutoka robine ya inje mpaka tangi ya maji machafu. Ao anaweza kutoa maji yote ndani ya tiyo na kutumia bidoni. Njia ya katikati, ya kulinda hapa na kuacha pale, ndiyo inayoharibu nyumba za watu. Maji yanafuata njia moja tu. Mita 9 zikiwa na joto na nusu mita ikiwa katika upepo, ile nusu mita ndiyo itaamua kama mtoto atakula uji.

Basi tufuate njia hiyo hatua kwa hatua, kama fundi anavyofanya.

Inaanza kwenye robine ya uwanja. Katika inchi za baridi, ardhi yenyewe inaganda. Huko North Dakota baridi inaweza kuingia chini mita moja na nusu na zaidi. Kwa hiyo robine nzuri ya inje ina vane yake chini kabisa, pahali baridi haifiki. Ukiifunga, maji yaliyo katika bomba la kusimama yanashuka yenyewe na kupotea katika changarawe, na bomba linabaki tupu. Ni akili nzuri sana. Lakini ukiacha robine ile wazi mchana na usiku kwa sababu karavani yako imeunganishwa nayo, bomba linabaki limejaa na akili ile haifanyi kazi tena. Na ukiifunga lakini ukaacha mupira umefungwa upande wa pili, hewa haiingii na maji hayashuki. Anayetaka kuunganisha kila siku analazimishwa kuzungusha waya ya kupasha joto juu ya bomba lile, na kulifunika.

Mupira wa maji ndio wa pili, na ndio unaoganda wa kwanza. Uko inje, ni mwembamba, mara nyingi umelazwa juu ya theluji. Maduka yanauza mupira wenye waya ya umeme ndani yake, na temostati inayowasha joto mbele maji hayajafika zero. Ni mzuri, lakini si wa bei ndogo, na watu wanasahau ncha zake mbili: kile chuma cha kufunga kwenye robine, na kile cha kuingia katika ukuta wa karavani. Pale waya haifiki. Wazee wa kazi hii wengi hawanunui mupira wa umeme. Mchana, wakati baridi imelegea, wanaunganisha mupira wa kawaida, wanajaza tangi ya ndani, wanafunga robine, wanatoa mupira, wanamwaga maji yake yote na kuuzungusha ndani ya nyumba penye joto. Kiisha wanatumia pompi ndogo ya volti 12 mpaka tangi iishe. Tangi ya lita 150 inaweza kutosha siku kadhaa kwa mtu asiyepoteza maji. Kwa mawazo yangu njia hii ni bora kwa mtu wa feza kidogo: haiombi kitu isipokuwa kutokuwa mvivu.

Chini ya sakafu

Sasa tufike pahali pagumu. Tangi na tiyo nyingi ziko chini ya sakafu. Karavani za inchi za joto zina tangi wazi kabisa, unaziona ukiinama. Zile zinazouzwa kwa watu wa baridi zimefungwa chini kwa kipande cha plastiki, na mashini ya joto (ile inayochoma gazi na kupuliza hewa ya moto ndani ya nyumba) ina njia moja ndogo inayopeleka hewa chini, kwa tangi.

Hapa ndipo akili ya kuokoa feza inageuka kuwa hasara. Gazi ni bei. Mashini ya joto ya karavani, ikiwaka bila kusimama, inaweza kula zaidi ya nusu kilo ya gazi kwa saa. Chupa ya kilo 13, ikiwaka nusu ya wakati, inaisha kwa siku mbili. Basi baba ananunua kifaa kidogo cha umeme cha kupasha chumba, anakiweka katikati ya nyumba, na joto ni zuri, digri 22, watoto wanacheza miguu wazi. Temostati ya mashini kubwa inaona joto linatosha na haiwaki tena. Hewa ya moto haishuki chini. Usiku wa pili, tiyo zimeganda chini ya watoto walio na joto. Yule baba hakuwa mjinga. Hakuna aliyemwambia kwamba mashini ile ilikuwa inapasha nyumba mbili, ya juu na ya chini.

Anayetaka kutumia kifaa cha umeme akitumie, lakini aache mashini kubwa iwake mara kwa mara usiku. Ao abandike chini ya tangi mikeka ya kupasha inayotumia umeme. Na usiku afungue milango ya makabati ya jikoni na ya choo, kwa sababu tiyo zinapita nyuma yake, kwenye ukuta wa inje, na mlango uliofungwa unazuia joto la chumba kuzifikia.

Dawa kubwa kuliko zote ni kuzuia upepo chini ya nyumba. Upepo hauwezi kushusha tiyo chini ya baridi ya hewa yenyewe, lakini unaiba joto mbiombio. Watu wanazungusha karavani kwa mbao, kwa turubai nzito, ao kwa povu gumu la kujengea, kutoka sakafu mpaka ardhi, pande zote nne. Hewa iliyofungwa pale chini inapokea joto kidogo kutoka ardhi na kidogo kutoka sakafu, na inabaki tofauti kabisa na hewa ya inje. Wengine wanapanga mafungu ya majani makavu. Yanafanya kazi, lakini panya wanapenda kujenga ndani yake na moto unayapenda pia. Hata theluji yenyewe, ukiirundika kando ya nyumba kwa kipawo, inazuia baridi, kwa sababu imejaa hewa. Lakini usizibe kamwe tundu la kutolea moshi wa mashini ya joto. Nitarudi kwa jambo hili.

Na umeme? Karavani nyingi zinapokea ampere 30 kwa volti 120, ni kusema wati 3600. Vifaa viwili vya kupasha chumba, kila kimoja wati 1500, vinakula 3000. Ongeza waya ya mupira, mikeka ya tangi, taa, na mama awashe kifaa cha kuchemsha chai: disjonkteri inaruka. Ikiruka saa kumi na moja ya jioni, utaona. Ikiruka saa nane ya usiku wote wakilala, utaona asubuhi.

Maji machafu nayo

Watu wanawaza maji safi na kusahau machafu. Karavani ina tangi ya maji ya kuoga na ya vyombo, na tangi nyingine ya choo. Wakati wa joto, aliye na shimo la kumwagia karibu anaacha vane ya maji ya kuoga wazi, yaende yenyewe. Wakati wa baridi, usifanye hivyo. Maji kidogo kidogo yanayopita katika bomba la baridi yanaganda juu ya bomba, kisha mengine juu yake, kama mafuta ya mshumaa, mpaka bomba linafungwa kabisa. Vane zikae zimefungwa. Tangi ikikaribia kujaa, unafungua mara moja, yote yanashuka kwa nguvu na yakiwa na joto bado, kiisha unafunga.

Na hapa kuna tatizo na ile shauri ya kuacha robine idondoke. Katika nyumba ya matofali maji yanaenda zake. Katika karavani yanaenda ndani ya tangi yako. Tone moja kila sekunde ni karibu lita 4 kwa siku, si kitu. Lakini ukifungua mpaka maji yawe kama uzi, lita moja kwa dakika 5, ni lita 288 kwa siku, na tangi itakurudishia maji machafu ndani ya bafu mbele ya asubuhi. Basi idondoke, isitiririke.

Moto unaoua bila sauti

Wamama, hapa nisemeze ninyi zaidi, kwa sababu jambo hili linatugusa hata sisi wa hapa. Maji yakianza kuganda na chupa ya gazi ikikaribia kuisha, mtu anajaribiwa kuwasha jiko la kupikia na kuliacha liwake ili lipashe nyumba. Wengine wanaleta ndani jiko la makala. Karavani ni ndogo na imezibwa kila tundu kwa sababu ya baridi. Moto unakula hewa nzuri na kutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na watu hawaamuki. Ni kitu kile kile kinachoua jamaa hapa kwetu zinapoingiza mbabula ya makala katika chumba cha kulala mwezi wa saba na kufunga mlango. Tusiseme ni ulozi.

Mashini ya joto ya karavani haina hatari ile ikiwa nzima, kwa sababu moshi wake unatoka inje kwa tundu lake. Ndiyo maana nilisema theluji isizibe tundu lile. Kila karavani inapaswa kuwa na kifaa kidogo kinacholia kikisikia hewa mbaya hiyo, na batiri zake ziwe nzima. Kuna jambo lingine pia: gazi inapochomwa inatoa maji. Kilo moja ya propani inatoa kilo moja na nusu na zaidi ya mvuke wa maji. Jiko likiwaka ndani, kuta zinalia, magodoro yanalowa upande wa ukuta, na ukungu mweusi unaanza. Hata katika baridi kali dirisha moja liachwe wazi kidogo, upana wa kidole.

Juu ya gazi yenyewe: iwe propani. Propani inaendelea kugeuka mvuke mpaka digri 42 chini ya zero. Butani inaacha karibu na zero, na mtu atakuwa na chupa iliyojaa isiyowaka.

Kama imeganda tayari

Usilete moto. Wanaume wanaojua kuchomelea vyuma wanafikiri mara moja shalimo, na karavani ni mbao nyembamba na plastiki, inaungua mara moja. Kwanza funga maji yanayoingia. Hii watu wanaisahau: tiyo iliyopasuka haivuji wakati imeganda, barafu yenyewe ni kizibo. Inavuja wakati unapofaulu kuiyeyusha, na kama pompi inawaka ao robine ya inje iko wazi, nyumba inajaa maji.

Kiisha fungua robine ya ndani, na anza kupasha kutoka kwenye robine hiyo ukirudi nyuma kuelekea barafu. Ukianza katikati, maji unayoyeyusha yanafungiwa kati ya barafu mbili. Tumia kile kifaa cha kukaushia nywele, ao vitambaa vilivyolowa katika maji ya moto na kukamuliwa, ao uweke taa ya joto chini ya nyumba ukikaa karibu kuiangalia. Itachukua saa nyingi. Wakati ule kuwe na bidoni mbili tatu za maji ndani ya nyumba. Mwenye busara anaziweka tangu mwanzo wa baridi, kwa sababu hata aliyelinda kila kitu anaweza kukatiwa umeme.

Kutoa maji yote

Kwa yule anayeondoka kwenda kuona jamaa majuma mawili, ao anayeona gazi imemshinda, hakuna haya ya kutoa maji yote na kukaa na bidoni. Wengi wa Williston walifanya hivyo, wakaoga penye bafu za watu wote. Unazima boila, unangoja ipoe, unaifungua chini imwagike. Unafungua vane za chini za tiyo, na robine zote, za moto na za baridi, bila kusahau ile ya kuogea inje. Mwenye kompresa anasukuma hewa ndani ya tiyo, lakini polepole, isipite bari 3. Nguvu ya kompresa ya mugodi itavunja viungo vyote.

Kiisha unaruka boila kwa vane zake ndogo, na kwa pompi unavuta dawa ya kuzuia kuganda, ile mafundi wanaita antijeli, mpaka rangi yake itoke kwa kila robine. Lita 8 mpaka 12 zinatosha karavani nyingi. Unamwaga kidogo katika kila sifoni na ndani ya choo. Lakini usome chupa vizuri. Inayofaa kwa maji ya nyumba imetengenezwa kwa propileni-glikoli, na mara nyingi rangi yake ni ya waridi. Ile ya mashini ya motokari, ambayo mara nyingi ni ya kijani, imetengenezwa kwa etileni-glikoli. Ni sumu. Ina utamu mdomoni, na watoto na imbwa wanainywa bila kukataa. Isiingie hata mara moja katika tiyo ya maji ya kunywa, na chupa yake iwekwe pahali pa juu.

Mwezi wa nne, joto likirudi, jamaa inasafisha tiyo kwa maji mengi mpaka rangi na povu viishe, na inarudisha boila katika njia yake mbele ya kuiwasha, kwa sababu boila tupu ikiwashwa kwa umeme inaungua. Halafu baba anafunga robine zote, anawasha pompi, na wote wananyamaza. Pompi ikilia kidogo na kusimama, tiyo ni nzima. Ikiendelea kulia wakati hakuna robine iliyo wazi, maji yanatoka pahali fulani. Afuate sauti, na aanze kuangalia nyuma ya choo na chini ya kabati la jikoni.